Vijiti Kumi vya Jina la Wilf

Dorcas Umpleby nilimchukia kabla hajavua kofia. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nasimulia habari za rafiki yangu. Aliingia karakana ya Bwana Garbutt Jumatatu moja ya mvua, mwaka wa tatu baada ya vita, kaukumbatia mkoba wa brashi za marehemu baba yake, na kabla ya saa ya chai alikuwa ameshakalia kiti changu.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mwisho wa meza, chini ya dirisha la kaskazini, penye mwanga usiobadilika tangu asubuhi hadi jioni. Nilikuwa nimekikalia miaka kumi na mmoja. Sisi mafundi wa vioo vya kanisa hapa York tuna vyeo vyetu. Wa juu kabisa ni wanaochora nyuso za watakatifu, wanafuata wa mavazi, na mkiani tuko sisi wa maandishi. Lakini katika hao wa mkiani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na hakuna mwenye majivuno kama mtu wa kwanza wa mkiani.

"Ada, sogea kidogo, binti," aliniambia Bwana Garbutt. "Huyu mgeni macho yake bado hayajazoea."

Nikasogea. Macho ya mgeni yalikuwa mazima kuliko yangu.

Alikuwa ametoka Hull, mji wa bandari. Baba yake aliandika mabango ya maduka ya samaki, na mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, Dorcas alipanda ngazi badala yake akiwa na miaka kumi na minne. Baba alibaki chini kashika ngazi, akimwelekeza kwa sauti, na wapita njia walisimama kumcheka msichana aliyening'inia juu ya mlango na kopo la rangi. Alifanya hivyo miaka kumi. Mzee alipokufa, mchungaji mmoja akamwandikia barua ya kuja kwetu. Alikuwa mwembamba, ana kikohozi, soksi zake zimeshonwa kwa nyuzi za rangi mbili, na alikuwa mashoto.

Hilo la mashoto lilinipa matumaini. Maandishi ya kwenye kioo hatuyaandiki kama karani aandikavyo barua. Tunakipaka kioo chote rangi nyeusi, tunaiacha ikauke, halafu kwa kijiti kilichochongwa tunakwangua herufi moja moja ili mwanga upite. Kabla kioo hakijaingia tanurini, rangi ile inafutika hata kwa kidole. Nikajua mashoto ataburuza mkono juu ya alichokwisha kukwangua, na nilisimama pale nikijifanya natafuta siki ya kuchanganyia rangi, nione anavyoharibu.

Dorcas akaanza na herufi ya mwisho. Akarudi nyuma, herufi baada ya herufi, mpaka ya kwanza, na jina likatoka limenyooka, halina doa. Walt, mzee wetu wa tanuri, akapiga mluzi.

"Umeona, Ada? Mwenzio kapitia mlango wa uani, na bado kafika sebuleni kabla yako."

Karakana nzima ikacheka. Nami nikacheka nao. Tangu siku ile nilikuwa nikipita nyuma yake kila asubuhi na kila jioni kukagua kazi yake, nikitafuta kosa. Alidhani ni ukarimu. "Asante, Ada," alikuwa akisema. "Macho manne ni bora." Sikupata kosa hata moja, na roho iliniuma kila siku kama jino.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Herufi za kale tunazotumia makanisani karibu zote ni vijiti vilivyosimama. Herufi i ni kijiti kimoja, n ni viwili, m ni vitatu. Majina mengine ukiyatazama unaona uzio wa miti tu. Kwa hiyo fundi halisomi jina, anahesabu vijiti. Jina la ukoo wetu ni Timmins, na kati ya T na s ya mwisho kuna vijiti kumi. Dorcas alizoea kuhesabu kwa kunong'ona, midomo ikichezacheza, na ukimsemesha wakati huo unamvuruga.

Angeishia karakanani ningemvumilia. Lakini alikuja mpaka nyumbani. Mama yangu alisikia kwamba kuna binti asiye na kwao, akamwita chakula cha Jumapili. Dorcas akala andazi la oveni na mchuzi wa nyama, akaomba aongezwe. Mama akamwangalia kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu Wilf aondoke.

Wilf alikuwa mdogo wangu. Alibaki vitani Ufaransa, na wala hatukuletewa cha kuzika. Kilichobaki kwetu ni kwamba kanisa la mtaani lilikuwa linaweka dirisha la kumbukumbu, na chini yake ukanda wa kioo wenye majina kumi na manne ya vijana wetu. Mama hakujua kusoma. Alikuwa ameanza kufua nguo za watu tangu ana miaka minane. Siku hiyo mezani akasema, "Sasa mimi nitamjuaje mwanangu kati ya majina yote hayo?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Dorcas akaniwahi.

"Mama Timmins, nipe mkono wako," akasema, na kwa kidole akamchorea vijiti kwenye kiganja. "Tafuta msalaba mnene wa T. Halafu hesabu vijiti. Vikifika kumi, huyo ni Wilf wako."

Mama akahesabu kiganjani, akacheka, akafuta macho. "Huyu binti ana mkono," akaniambia tukiosha vyombo. "Wewe miaka kumi na mmoja uko huko, hukuwahi kunifundisha."

"Hukuwahi kuniuliza, Mama."

"Na yeye nilimwuliza?"

Nilisugua sufuria moja mpaka Mama akaninyang'anya.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Garbutt nikamwomba ukanda wa majina niuandike mimi. Sikuwa nimewahi kumwomba kitu. Akavua miwani.

"Unajua desturi yetu, Ada. Mtu haandiki jina la marehemu wake. Machozi yanaharibu rangi. Ataandika Dorcas."

"Jina moja tu, basi. La Wilf. Mengine mwachie."

"Ukanda mmoja, mkono mmoja. Nenda kazini, binti."

Desturi naijua, na ni ya kweli. Lakini siku ile niliona ni njama tu. Kiti alikwisha kukichukua, Mama alikwisha kumchukua, na sasa alikuwa anamchukua na mdogo wangu. Niliona wivu, sina neno lingine la kistaarabu la kuweka hapo.

Jumatano aliandika. Dirisha lote lilikuwa limeshawekwa kanisani, umebaki ukanda huo tu, na Jumapili askofu alikuwa anakuja kulibariki. Kila kioo kilibeba jina moja. Baada ya chakula cha mchana akafikia Timmins. Akakwangua s. Akaanza kurudi nyuma, akinong'ona. Viwili vya n, moja, mbili. Kimoja cha i, tatu. M ya pili, nne, tano, sita. Akaingia m ya kwanza, saba, nane.

Mimi nilikuwa nagawa chai. Nikasimama pembeni yake.

"Dorcas, sukari ngapi?"

"Mbili," akasema, bila kuinua macho.

Kisha akaendelea. Akaruka nafasi, akakwangua kijiti kimoja cha i, akamalizia T, akakipuliza kioo unga mweusi, akakiweka kwenye trei.

Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilikusudia. Dorcas siku zote alikunywa chai na sukari mbili. Nilijua.

Nilihesabu nikiwa nimesimama na birika. Tisa. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili. Tisa. M ya kwanza ilikuwa imegeuka n. Ilikuwa saa nane, na Walt hubeba trei saa kumi. Kwa saa mbili nzima ile rangi ilikuwa inafutika kwa kidole, na mdomo ulikuwa wangu. Nilifikiri, kosa hili likitoka tanurini, Bwana Garbutt atajua ni nani hasa mwenye mkono. Sikumfikiria Wilf. Hiyo ndiyo sehemu niliyoshindwa kumwambia kasisi. Sikumfikiria kabisa.

Walt akaja, akainua trei. "Mbona umesimama kama mlingoti, Ada? Unataka nikuchome na wewe?"

"Chukua tu," nikamwambia.

Ijumaa asubuhi tanuri lilikuwa limepoa. Dorcas mwenyewe alivipokea vioo, akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga, na midomo yake ikicheza. Akafika kwetu. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Tisa," akasema.

Bwana Garbutt alikuja mbio. Kuchoma upya ni siku mbili, na mafundi wa kuunganisha vioo kwa madini ya risasi walikuwa wameshasimama na pasi za moto, wakingoja. Alifoka mpaka miwani ikamwanguka. Halafu akatulia, ikawa vibaya zaidi.

"Kitaenda hivihivi. Nani atahesabu?"

"Ada atahesabu," Dorcas akasema. "Na mama yake."

"Jina la maiti ndilo unalokosea, binti, siyo la samaki. Kusanya brashi zako."

Hapo palikuwa na nafasi ya neno. Mafundi wote walikuwa wanatazama sakafu. Ningesema, niliona, nikanyamaza, tufukuze wote wawili. Nikainama kufunga kamba ya kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa.

Dorcas alinikuta mlangoni, kavaa ile kofia yake. Nilijua atanitukana, na nilitamani anitukane.

"Nisamehe, Ada. Ungepita nyuma yangu ungeliona, ungenishtua. Jumatano hukupita kukagua."

"Sikupita," nikasema.

"Mwambie Mama Timmins kosa ni langu. Mwambie leo, tafadhali. Usimwache ahesabu."

"Nitamwambia."

Akakohoa, akatoka na mvua yake. Jumatatu nilirudi kwenye kiti changu chini ya dirisha la kaskazini. Walt aliniletea chai bila utani wowote.

Mama sikumwambia. Nilipanga kumwambia Ijumaa hiyo, nikaona bora Jumamosi, na ningeanzia wapi? Angeniuliza swali moja tu: na wewe, macho yako yalikuwa wapi? Jumapili askofu akabariki, watu wakalia, nami nikaona kidole cha Mama kikitembea juu ya glavu yake. Kikasimama. Kikaanza upya.

"Ada," akaninong'oneza, "mimi napata tisa."

"Umeruka kimoja, Mama. Ni mbali."

"Ni macho," akasema. "Macho yangu yamekwisha."

Dorcas alirudi Hull, akarudi kwenye ngazi, safari hii bila mtu wa kuishika. Nasikia aliandika majina ya meli za wavuvi na ya nusu ya maduka ya mtaa mmoja, na kwamba kikohozi hakikumwacha. Hakuolewa. Kila Krismasi alimtumia Mama kadi, na juu ya bahasha aliandika jina letu kwa herufi za kale, kwa wino, kwa mkono wake wa kushoto. Mama alikuwa akiisogeza bahasha dirishani na kuhesabu. Kumi. Zote kumi, kila mwaka, kwa miaka sita. Mwaka wa saba kadi haikuja. Ikaja barua fupi ya mwenye nyumba yake, kwamba kikohozi kimemmaliza.

Mama alizihifadhi bahasha kwenye kitabu chake cha nyimbo asichoweza kukisoma. Akawa anakwenda nayo moja kanisani, anaitazama, anatazama kioo, anaitazama tena.

"Dorcas hapa kaandika kumi, na kule kaandika tisa," alisema Jumapili moja. "Ni mtu yuleyule. Kwa hiyo ni mimi."

Wakati huo alikuwa ameshaanza kunishika mkono akitembea. Ibada ikaisha, watu wakatoka, yeye akabaki kakaa. Akanivuta mkono mpaka chini ya ukanda wa majina, pale ambapo rangi za vioo humwangukia mtu usoni.

"Wewe ni fundi, mwanangu. Nihesabie kwa sauti, nikusikie. Nataka niwe na uhakika yuko mzima."

Nikanyoosha kidole. Nikamhesabia Mama polepole, kijiti kwa kijiti, naye akiitikia kwa kichwa, mpaka nikafika kumi. Cha tatu nilikihesabu mara mbili.