Picha Aliyoitaka Daktari

Daktari aliniomba picha. Aliniambia huku akiandika, bila kuinua macho, kwamba uume uliolala haumwelezi lolote: niupige picha nyumbani ukiwa umesimama, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni. Nikajibu "Ndiyo, docteur" kana kwamba ameniagiza mkojo wa asubuhi.

Ulikuwa umepinda kwenda kushoto. Ndani, nikiugusa, kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya hindi. Daktari alikiita kovu. Nikamwambia sijawahi kuumia hapo, akasema kovu la namna hiyo laweza kuja bila mtu kujua siku aliyoumia. Tena ulikuwa umefupika, na hilo ndilo lililonichoma. Mimi ni fundi wa vigae; jicho langu huona kasoro kabla sijashika kipimo.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia kwenye kochi, nikisingizia mgongo. Vigae vinavunja mgongo, mtaa wetu wote wa Kampemba unajua, kwa hiyo kisingizio kilikuwa kizuri. Mwanzoni mke wangu aliniletea mafuta ya kuchua. Baadaye akaacha, akawa ananitazama tu. Nilijua anafikiri nina deuxième bureau, mwanamke wa pembeni. Niliona ni afadhali afikiri hivyo kuliko kumwonyesha. Ujinga, lakini ndivyo nilivyopima.

Picha ya kutoka juu niliipata bafuni. Ya ubavuni ilinishinda. Mkono mmoja tayari umeshika simu, na kitu chenyewe hakina subira.

Jumapili, baada ya misa, mke wangu alichukua simu yangu amwonyeshe dada yake picha za komunyo ya binti yetu. Akapitisha kidole mara moja zaidi. Kwa bahati dada yake alikuwa amejiinamia, anamega tonge la bukari. Mke wangu akazima simu, akaendelea kugawa mboga. Mgeni alipoondoka, aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Hii foto ulimutumia mwanamuke gani?"

"Docteur ndiye aliomba."

"Docteur gani anaombaka foto ya vile?"

Nikamweleza yote, kwa sauti ninayotumia kumweleza mteja kwamba ukuta wake haujanyooka: kovu, kupinda, dawa ambayo huenda ikazuia usizidi kupinda, urefu uliopotea ambao haurudi. Akaifungua ile picha tena, akaitazama kwa makini kama anachagua nyanya sokoni.

"Miye nilifikiri umenichoka," akasema. "Kumbe ni hii tu?"

Hilo "tu" liliniudhi sana. Nikamwambia hajui inavyouma.

"Kuuma najua. Minalala peke yangu, Papa."

Niliona aibu, halafu nikaona nafuu, na sikutaka aione hata moja.

"Na ile foto ingine?" akauliza.

"Ya ubavuni. Ilinishinda."

"Leta simu."

Tulirudi kwa daktari pamoja. Aliikuza picha ya pili kwa vidole viwili, akasema hii imetoka vizuri, nani aliipiga?

"Ni miye," mke wangu akajibu. "Ile ya juu ni yeye alipiga, ndiyo maana iko mubaya."

Daktari alicheka. Mimi nilitazama sakafu yake; vigae viwili havikukaa sawa.

Urefu haujarudi. Kochi tulimpa dada wa mke wangu.