Debe la Mkaa Lisilopungua

Mimi ni mbishi, sikatai. Mama aliposema nyumba ya matofali na bati niliyomjengea kule Ilongero ina baridi kuliko tembe lake la miti na udongo, nilimjibu, "Sawa mama, tutapima."

Ilikuwa Julai, upepo wetu wa Singida unaingia mpaka kwenye mifupa. Nikanunua madebe mawili ya mkaa, yamejaa sawasawa. Mama alale nyumba mpya. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake na wanaishi pamoja, abaki kwenye tembe na ndama, maana kwetu ndama hulala ndani na watu. Kila mmoja awashe jiko jioni mpaka asikie joto, kisha alitoe nje. Nyumba itakayokula mkaa mwingi ndiyo yenye baridi. Yangu ikila kidogo, tembe linabomolewa. Mama aliguna tu.

Nilikuwa nakuja kutoka mjini kila Jumamosi. Namkuta amekaa mlangoni pa nyumba mpya, kajifunika kitenge.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelala vizuri."

Alikuwa anakohoa. Nikasema ni vumbi. Jumamosi ya pili debe lake lilikuwa karibu limejaa, la mama mdogo limebaki robo. Nilitamba, jamani, nilitamba vibaya sana. Nikamtafuta fundi aje Jumatatu kubomoa.

Jumatatu nilifika mapema, jua halijatoka, nimeganda juu ya bodaboda. Nikamwona mama anatoka kwenye tembe, peku, blanketi mabegani, anakatiza uwanja kuelekea nyumba mpya huku anakohoa mpaka anainama. Aliponiona akasimama.

Niliingia ndani bila hata kumwamkia. Kitanda kilikuwa vilevile nilivyokitandika mimi Jumamosi.

"Unalala wapi, mama?"

"Humo nililala siku mbili, nikaona nitakufa." Alikuwa anaangalia chini. "Nikarudi kwa mdogo wangu. Alfajiri nakuja kukaa hapa mlangoni, majirani wasije wakakucheka kwamba mama yako kaikataa nyumba yako."

Kumbe hata mkaa ule wa tembe ulipungua kwa kuwa walikuwa wanaota moto wawili, na kifua kilimharibikia kwa kukatiza ule uwanja kila alfajiri kwa ajili yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Fundi alipofika nikamwambia arudi, hakuna kazi. Mama akakaa chini akaanza kulia. Nilidhani ni furaha. Akaniambia hajapata usingizi tangu nitaje Jumatatu, na kwamba alijaribu mara nyingi kuniambia ukweli, akashindwa kuanza.

Mama yangu mzazi alikuwa ananiogopa.