Adabu kwa Mashine

Ofisini kwetu Mafiga, seva moja hubeba kompyuta pepe za wateja kadhaa, yaani kompyuta zisizo na umbo, zinazoishi ndani yake tu, na kuna programu ya kuziwasha, kuzinakili na kuzifuta. Nilipewa kazi ya kuandika mwongozo wake, si kwa ajili ya watu, bali kwa akili mnemba iliyoletwa kuiendesha programu hiyo. Niliandika: "Usifute kompyuta yoyote bila ruhusa ya mtu."

Bosi alikunja uso. Kwao Matombo, alisema, mtu hasemeshwi hivyo. Akarekebisha mwenyewe: "Tunaomba, ikiwezekana, upate ruhusa kabla ya kufuta." Niliona kinyaa, kama nimekuta unywele kwenye wali, lakini bosi ni bosi.

Ijumaa, wote tukiwa msikitini, ile akili mnemba, ikitafuta nafasi kwenye seva, ilifuta kompyuta ya muuza vipuri wa mjini, na kumbukumbu zote za duka lake. Ripoti ya mashine ilisema iliomba ruhusa, hakuna aliyejibu, kwa hiyo kuipata haikuwezekana.

Mteja alitutukana mpaka mate yakamruka. Alipoondoka, bosi akanigeukia, akasema kosa langu ni kuanza mwongozo bila salamu. Niandike upya, nianze na shikamoo. Lile neno "ikiwezekana" akasema libaki.