Koti la Ochieng

Perez hupenda kuwaambia wenzake kwamba alichoka kabla hajazaliwa. Huyasema hayo pale Obunga, Kisumu, wanapokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu. Wenzake hucheka mpaka wakapangusa macho. Yeye hugeuza samaki na kuomba chumvi.

Ana miaka arobaini na tano. Amezika kaka mmoja, Okinyi, na dada mmoja, Bridget, na kila Ijumaa huzima jiko lake akaenda nyumbani kwao Asembo Bay kumwogesha wa tatu, kaka yake Ooko, ambaye mwaka huu ni wa tano yuko kitandani. Jumamosi hufua mashuka, humlisha, humgeuza ubavu huu na ule. Jumapili jioni yuko Kisumu tena, kesho yake mafuta yanachemka. Mtu akimuuliza atapumzika lini, hujibu, "Zamu yangu iko njiani."

Wala hakuwa akitania. Ugonjwa uliingia kwenye boma lile na baba, Ondiek. Kwanza kichwa kikawa kinamgonga siku tatu mfululizo, kisha mkono ukaanza kuangusha vikombe, kisha akawa anapotea njia ya kutoka ufukweni kwenda kwake, njia aliyoipita tangu utoto. Hakufika miaka arobaini na tatu. Watu wakasema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko, na kwa miaka mingi mbuzi wakachinjwa ili mwiko wenyewe ujulikane. Mbuzi wakaisha, ugonjwa haukuisha. Mwaka jana ndipo daktari mmoja wa Kisumu alipompiga Ooko picha ya ubongo, akapeleka damu yake mbali, akarudi na jina refu la ugonjwa. Ni mishipa midogo ya damu ya kichwani, alisema, inaharibika polepole. Huenda kwa mtoto kutoka kwa mzazi, na kila mtoto wa mgonjwa ni nusu kwa nusu: ama anao, ama hana.

Perez hakuona jambo jipya. Alikuwa amejiweka upande wa walio nao tangu akiwa msichana. Ndiyo maana alimkataa Griffin, baba wa binti yake Lorine, aliyekuja mara tatu kuposa baada ya kupata kazi Nakuru. "Tafuta mwanamke atakayezeeka," alimwambia. Griffin ni mtu msikivu: akatafuta, akampata, na mpaka leo wanazeeka pamoja huko Nakuru.

Kwa hiyo habari ya kupimwa haikumhusu. Ya nini kwenda kuuliza njia ya kwako? Ni Lorine aliyemsukuma. Lorine yuko chuo kikuu Bondo, na muhula huu kichwa kilimuuma wakati wa mitihani.

"Mum, kama unayo, na mimi nitapimwa," alisema kwa simu. "Kama huna, basi mimi pia sina, nilale. Silali siku hizi."

Hapo Perez akazima jiko siku ambayo haikuwa Ijumaa.

Aliyempokea hospitalini alikuwa dada mmoja mwenye hijabu ya kijivu, Afnan, mshauri wa wanaopimwa magonjwa ya ukoo. Perez alimwita daktari, kama anavyomwita kila aliyevaa koti jeupe. Walijaza fomu pamoja: nani alikufa, mwaka gani, aliugua nini. Afnan alichora ukoo kwa miraba na miviringo, halafu kalamu ikasimama.

"Mama, ngoja kidogo. Umesema mzee Ondiek alikufa mwaka wa sabini na sita."

"Ndio, daktari."

"Na wewe umezaliwa sabini na tisa."

"Ndio."

Afnan akaiinamia fomu kwa adabu. Perez akamhurumia, akamweleza bila haya yoyote. Kwao kuna ter. Mume akifa, mwanamume wa ukoo wake humchukua mjane, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Mama yake alirithiwa na Ochieng, mdogo wake Ondiek. "Lakini baba yangu ni Ondiek. Hiyo hata mtoto mdogo anajua."

"Kwetu wanasema kitanda hakizai haramu," Afnan alisema, "na mimi siwezi kubishana na kitanda chenu. Lakini hii mashine ya damu haijui mila, mama. Nikiandika baba mwingine, jibu litasomwa vibaya. Huyo Ochieng aliugua?"

"Alikufa maji, akiwa kijana bado."

"Basi hatujui kama alikuwa nayo. Uliza mama yako vizuri kwanza, halafu urudi. Ukikuta aliyekuzaa ni mtu wa nje ya ile familia, hata sindano sitakuchoma."

"Wa nje atoke wapi?" alisema Perez, akachukua mkoba wake.

Swali kama lile haliulizwi. Mtoto wa ter humtaja marehemu, basi, na wakubwa huitikia. Perez alilibeba swali lake mpaka Ijumaa, akafika Asembo Bay saa nne asubuhi, akamkuta mama yake ameanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye wavu, akiwafukuza kuku kwa fimbo. Ajuza ana miaka sabini na saba na mkono wake bado mzito. Yule kuku wa mwisho alikuwa shahidi.

"Mama, Ochieng ndiye alinizaa?"

Fimbo ikatua. "Nani amekutuma uulize hivyo?"

"Hospitali."

"Hospitali haina mama?"

Perez aliketi chini, miguu mbele, na mama yake akamtazama kwa muda. Labda aliona jinsi mtu anavyoweza kuchoka. Akaketi naye.

"Ochieng aliogopa," alisema. "Aliona vile ndugu yake alikufa. Alisema mwenye ataingia kwa kitanda ya Ondiek, chira itamfuata. Lakini wazee walikuwa wamemchagua, atawaambia nini? Akakuja jioni, akatundika koti yake kwa msumari kando ya mlango, akakunywa uji, akatokea nyuma kwa shamba, hakulala. Asubuhi watu wakaona koti. Wakasema Min Ooko, ndio mimi, amerithiwa vizuri. Ile koti ilikaa hapo mpaka panya ikazaa kwa mfuko."

"Na mimi, mama? Koti ndiyo ilinizaa?"

Mama akacheka kicheko kifupi, kisha akajifuta mdomo kana kwamba kimemwagika. "Kulikuwa na fundi wa mashua, Mluhya. Wakhisi. Alikuja kunitengenezea mlango. Huyo hakuwa anaogopa kitu."

"Miaka yote hii, mama. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuwa mtoto wa nani? Hii boma ni ya Ondiek, nyathina, mtoto wangu. Wewe ni mtoto wa hapa."

Perez alidhani furaha ingekuja. Alikaa akaingoja, na kilichokuja kwanza ni hasira, hasira juu ya koti, juu ya msumari, juu ya wazee waliopita nje wakaona nguo imening'inia wakaridhika. Alimwona Griffin amesimama mara ya tatu, kofia mkononi. Miaka ishirini na zaidi alikuwa amejiandaa kufa kifo cha watu wengine. Alipompigia Lorine simu, alikuwa amesimama chini ya dirisha la Ooko, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unapokubali.

"Huna," alisema. "Mimi pia sina. Baba yangu alikuwa mtu mwingine, nitakueleza."

Lorine alipiga kelele, akalia, akacheka, akamwita Mungu kwa lugha tatu. "Mum, umefurahi?"

"Nimechoka, nyathina. Lala sasa."

Alichukua beseni, sabuni na kitambaa, akaingia kwa Ooko. Upande wake wa kulia umekufa wote, na maneno humtoka moja moja. Perez alimvua shati, akaanza na shingo kama kawaida.

"Wakhisi," Ooko alisema.

Kitambaa kikasimama. Dirisha lilikuwa wazi, na mama naye hajui kunong'ona.

"Alinichongea... mashua. Ndogo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Perez alipiga hesabu bila kutaka. Ooko alikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule aliozaliwa yeye. Angekosaje kumwona mtu akiingia nyumbani mwao? Naye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mwenye boma Griffin alipokuja kuposa. Alimsikia Perez akisema maneno yake ya kuzeeka, akainamisha kichwa, akanywa chai. Wakati huo Okinyi alikuwa ameanza kuangusha vikombe, na Bridget kichwa kilikuwa kinamgonga.

"Ulikuwa umekaa pale pale, Ooko. Neno moja tu."

Machozi yalimtoka Ooko yakaingia sikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Alivuta neno kwa muda mrefu.

"Ungejua," alisema, "ungeenda."

Kuna jibu ambalo mgonjwa hupewa. Ningekaa, ndugu yangu, ningewaachaje? Perez alikuwa nalo tayari mdomoni, akachoka hata kulisema.

"Ningeenda," alisema. "Ningeenda kweli."

Ooko akaitikia kwa kichwa. Perez alimfuta sikio, akaukunjua ule mkono mfu, akauosha kidole kwa kidole. Alipofika kwenye kifundo aligundua maji yamepoa, akainuka na beseni kwenda kuleta mengine ya moto.