Maelekezo ya Kompyuta Nyingine

Kwa miaka mitatu nilifungasha viatu kwenye ghala moja hapa Rexdale, mpaka kiuno kikakataa. Kwetu Tanga, kabla ya kuhamia huku ughaibuni, nilikuwa karani. Basi zahanati moja iliponiita kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, kwa video, saa nne asubuhi, niliitaka kazi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Siku tatu kabla, nilijaribu kompyuta yetu na dada yangu aliyeko mji wa jirani, Brampton. Akaona mdomo wangu unacheza, sauti haitoki. Mume wangu akasema nimwachie yeye. Asubuhi ya usaili nilikuta ameshaondoka na basi kwenda kupakia mizigo uwanja wa ndege. Mezani aliniachia kurasa mbili za daftari, maelekezo yenye namba, yote kwa Kiswahili ili nisibabaike.

"Moja: bonyeza tunda lililomegwa, pembeni juu kushoto."

Nikatafuta tunda. Nikavaa miwani, nikatafuta tena. Kwenye kioo chetu kulikuwa na kidirisha cha bluu kule chini, tunda hakuna. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nikampigia, lakini wakiwa kazini simu zao hufungiwa kabatini. Nikamsema peke yangu jikoni, na nilimsema vizuri.

Nilipochoka kusema nikaangalia michoro yake. Alikuwa amechora vitone vitatu upande wa kushoto, akaandika chini yake: chekundu, cha njano, cha kijani. Kwangu kulikuwa na alama ya kufungia tu, tena upande wa kulia. Hatua ya nne ilitaka nibonyeze kitufe chenye ua. Vitufe vyangu havina ua. Hapo nikaelewa kwamba hakukosea hata hatua moja, ila maelekezo yalikuwa ya kompyuta yenye mfumo mwingine kabisa. Hakujua kuwa mifumo iko zaidi ya mmoja, na mimi nilijua dakika ile ile.

Nikafungua ukurasa wa msaada, na juu kabisa pameandikwa uchague mfumo wako. Nikachagua wenye dirisha, nikafuata, nikawasha maikrofoni. Niliposema "haloo", kimstari cha kijani kikaruka. Zilibaki dakika sita.

Nikisogeza daftari pembeni nikaona hatua ya mwisho, ambayo sikuwa nimeifikia.

"Kumi na mbili: usiogope. Ongea nao kama unavyonifokea mimi."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikafuta miwani, nikaongea nao.

Aliporudi jioni aliuliza kabla hajavua buti.

"Maelekezo yalikusaidia? Niliyanakili kutoka kompyuta ya jamaa wa kazini, kwa mapumziko mawili ya chakula. Hata kula sikula."

Maneno makali niliyomwandalia tangu asubuhi nikayaacha. Nampenda mtu huyu, na siku ile nilimpenda mpaka nikaona aibu.

"Ya kumi na mbili ilinisaidia," nikamwambia. "Wamenipigia, naanza Jumatatu. Kaa ule."