Mayai Mawili ya Sempaya

Mama alikulia Uganda, karibu na chemchemi za moto za Sempaya. Tangu kiharusi kiupige mkono wake wa kulia, aliniomba kitu kimoja tu: yai lililochemshwa kule, kama alilokula utotoni. Safari ile hangeiweza. Nilienda mimi.

Ndani ya hifadhi ya Semuliki msitu unafunguka ghafla, na ardhi inapumua. Maji yanaruka kutoka mwambani, yanatokota, yanaanguka, na mvuke unanuka kiberiti. Mwongozaji alinionyesha kidimbwi kinachochemka. Niliteremsha humo kikapu chenye mayai mawili, nikasimama kando kama niko kanisani hadi yakaiva.

Mpakani Gatuna, nikirudi Rwanda, afisa aliuchukua mfuko wangu wa plastiki wenye mayai. Kwetu mifuko hiyo ni marufuku, nami nilikuwa nimesahau.

"Dada, mayai ya kuchemsha? Kuku wa Kigali wamegoma?"

"Ni ya mama. Anaumwa."

Aliacha kucheka. Akanirudishia mayai, nikayafunga kwenye kitambaa changu cha kichwa. Nilipofika Kigali, pale kituo cha Sonatubes, nilipanda pikipiki hadi nyumbani Busanza, nimeyakumbatia kifuani.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Alilinusa yai moja, akafumba macho, na mkono wake wa kushoto ukaanza kulikwaruza ganda. Sikuvumilia kuutazama. Nililichukua lile yai upesi, nikalitoa ganda, nikampa likiwa jeupe, tayari kuliwa.

Hakulipokea.

"Kwani nimeshakufa?"

"Mama, nilitaka kukusaidia tu."

"Pale kwenye maji bibi yako alikuwa na watoto sita. Hakuna hata mmoja aliyemenyewa yai. Anayetaka kula, aungue vidole vyake. Hilo kula wewe."

Nililila. Lilikuwa baridi, halina chumvi.

La pili alilishika kwa mkono wa kushoto, akaligonga kwenye ubao wa kitanda. Mkono wa kulia, ambao kwa miezi haukuwa umeshika hata kijiko, ulisogea polepole. Uliteleza. Ukarudi. Ganda likatoka kwa vipande vidogo kama punje za mchele. Mimi niliikalia mikono yangu ili isinisaliti.

Alipomaliza, yai lilikuwa limejaa mashimo.

"Limeharibika," alisema.

"Limependeza, mama."

"Usinidanganye wewe."

Akalila lote, bila haraka. Kisha akautazama ule mkono uliolala mapajani mwake, umejaa maganda.

"Asante," akauambia.

Mimi hakuniangalia.