Sindano Zilizokaa kwa Wifi

Najiat alimuuguza mama yake ugonjwa wa sukari mpaka mguu ukakatwa, na hata baada ya mazishi wanawake wa mtaa wao wa Gongoni waliendelea kumfuata uani kumuuliza wagonjwa wao wale nini. Hakupenda kuikumbuka miaka ile, lakini aliwajibu. Mumewe Nassibu, fundi wa vitanda vya mbao za mninga, aliyasikia yote hayo huku akipiga randa.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Nassibu alipita mtaa wa Ng'ambo kwa dada yake Tatu. Najiat aliona ni mapenzi ya ndugu tu. Jioni alimwekea mumewe chai yenye asali ya Sikonge. Nassibu alikunywa kidogo, akasema ameshiba.

Gego lilipomvimba, Najiat ndiye aliyemburuta hadi kwenye kliniki ya meno karibu na soko. Daktari, binti aitwaye Julieth, aliwaamkia, akamkalisha Nassibu kitini, na kabla ya kugusa chochote akauliza:

"Mzee, una presha? Sukari? Matatizo ya moyo? Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Nassibu alimtupia jicho mkewe, aliyesimama mlangoni.

"Sina tatizo lolote, binti yangu."

"Na asubuhi umekula?"

"Nimekula."

"Umekula wapi, Baba Rashidi?" Najiat alishangaa. "Si jana nzima hukuweza kutafuna?"

"Nimekunywa uji kwa Tatu."

Julieth akaandaa sindano ya ganzi. Alipomgeukia mgonjwa, aliona shati limelowa kifuani na mikono inatetemeka. Akamwita. Nassibu alijibu maneno yasiyoshikana, kama mlevi.

 Jasho lile Najiat alilijua. Alilifuta mara nyingi mno kwenye paji la mama yake. Lakini akajiambia haiwezekani, huyu nalala naye kitanda kimoja.

Julieth aliiweka sindano pembeni, akamtoboa kidole, akatazama kipimo.

"Sukari imeshuka sana."

Kwa kuwa mgonjwa bado aliweza kumeza, alikoroga glukosi, akamnywesha taratibu huku akimsemesha. Polepole macho ya Nassibu yakatulia, akajua yuko wapi.

"Mzee, leo umechoma insulini?"

Nassibu akainamisha kichwa. "Asubuhi. Kwa dada."

"Na ule uji?"

"Sikunywa."

"Tangu lini?" Najiat aliuliza.  "Nakuuliza, unachoma tangu lini?"

"Tangu mama yako yuko hai."

Najiat akashika mlango.

"Ulisema ukimzika mama, hutaki tena kuuona ugonjwa huu nyumbani kwako," Nassibu alisema. "Niliogopa."

"Nilikuwa nalia, Nassibu! Nilikuwa nimechoka! Ndiyo ukaenda kuuguzwa kwa watu?"

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Julieth alisema jino halitang'olewa leo. Mzee aende kwanza hospitali, sukari iwekwe sawa. Kisha akamwambia Najiat kwa sauti ya chini, "Mama, maswali yale nilipaswa kumuuliza akiwa peke yake. Mbele ya watu wetu tunaficha mengi."

Baada ya kutoka hospitali, Najiat alikwenda Ng'ambo.

"Wifi, nimefuata dawa za mume wangu."

Tatu alizitoa kwenye friji bila kumtazama. "Aliniapisha."

"Mimi nilikuuliza mbona kaka yako anakonda. Ukanishika mkono, ukaniambia ni kazi."

Tatu akaanza kulia. Najiat akazichukua sindano, akaondoka.

Sukari ilipotulia walirudi kliniki. Safari hii Julieth alifunga mlango akamuuliza Nassibu peke yake, naye akajibu yote. Jino likatoka salama. Alipotoka na pamba mdomoni, akanyoosha mkono ili mkewe amshike. Najiat alishika mkoba, akatangulia.

Siku hizi yeye ndiye anayemchoma, kisha anasimama pale mpaka ale. Hampigii kelele, wala hajahama chumba. Ila Nassibu akimwambia ametoka karakana moja kwa moja, Najiat humtazama kwanza usoni kabla ya kumkaribisha ndani.